Kusimulia Kwanza, Imla Baadaye

Kila muhula katika gazeti letu hili twasoma maoni juu ya michezo, chakula, usafi wa mabweni na adabu za wanafunzi wageni. Hayo yote ni mema. Lakini leo napenda kuwaomba mnifuate nje ya lango la shule, mpaka nyumbani tunakokwenda wakati wa likizo, nikawaonyeshe jambo ambalo wengi wetu tunalo mlangoni nasi hatulioni. Nalo ni hili: katika nyumba nyingi tulizotoka yuko mtoto mmoja, mdogo wetu au binamu yetu, aliyekaa shuleni miaka mitatu au minne naye bado hawezi kusoma barua ya mistari miwili. Huyo huitwa mzito. Husemwa kwamba kichwa chake hakishiki. Sisi tulio Kidato cha Nne humpita tukienda kuoga, na tukirudi humtuma dukani.

Maoni yangu ni kwamba mtoto wa namna hiyo aweza kusaidiwa nyumbani, na kwamba msaada wenyewe hauanzi kwa kalamu. Huanza kwa mdomo. Mtoto na aanze kusimulia. Kisha yale aliyoyasimulia ndiyo afundishwe kuyasoma. Na yale aliyoweza kuyasoma ndiyo apewe imla. Mwenye kugeuza utaratibu huu humtesa mtoto na kujitesa mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu mimi niliugeuza, nami nitaeleza yaliyotokea.

Kwetu ni mkoani Mara, kando ya Ziwa Victoria, na baba ni mvuvi wa dagaa. Mdogo wangu ana umri wa miaka 11. Likizo ya Disemba iliyopita, nilipokuwa nimemaliza Kidato cha Tatu, mama alinipa daftari lake niliangalie. Nikaona kurasa zimejaa mwandiko mzuri, ulionyooka kuliko wangu. Nikafurahi, nikamwambia, "Haya, nisomee ukurasa huu." Akanyamaza. Nikamwonyesha mstari wa kwanza kwa kidole. Akautazama kama mtu anavyotazama ukuta. Ndipo nilipofahamu kwamba yote yale aliyanakili ubaoni, herufi kwa herufi, kama mtu anayefuma maua ya kitambaa kwa kuangalia kitambaa cha mwenziwe. Mkono ulijua kuandika. Mwenyewe hakujua kilichoandikwa.

Hapa yanipasa niseme kweli. Sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Likizo zilizotangulia, kila aliponiletea kazi aliyopewa, niliifanya mimi upesi upesi ili nipate kwenda mpirani. Alipata alama, nami nilipata mpira, na hakuna aliyepata elimu.

Kesho yake nilianza kumfundisha, nami nilianza kwa imla, maana ndiyo niliyoikumbuka. Nilichukua kitabu cha Darasa la Nne nikamsomea sentensi kumi, kama sisi tulivyokuwa tukisomewa. Nikamsahihishia kwa kalamu nyekundu, nikaandika sifuri na kuizungushia duara. Siku ya pili hali ilikuwa ile ile. Siku ya tatu palikuwa na sentensi ya mtu aliyetafuta mahali pa kuanika mtama, naye akaandika "mahari". Wale wasiotoka kwetu wafahamu kwamba wengi wetu wa kando ya ziwa huchanganya l na r, katika ulimi na katika sikio pia. Basi nilicheka kwa sauti kubwa, nikamwita mama aje amsikie mtu anayetafuta mahari ya mtama. Mama alitabasamu kidogo. Mdogo wangu hakucheka. Alifunga daftari polepole, akaliweka juu ya kinu, akaenda ufukweni kugeuza dagaa. Siku mbili hakukaa karibu nami.

Usiku wa siku ya pili baba aliniita. Akasema, "Mwanangu, usimsumbue mwenzio. Si kila mtu ni wa kalamu. Huyu mwakani nitamtia mtumbwini." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamtaka mtoto aliyeandikishwa ahudhurie mpaka amalize elimu ya msingi. Akanijibu kwamba sheria yaweza kumkalisha mtoto dawatini, lakini haiwezi kumfanya ajue. Sikuwa na jibu.

Aliyenitoa gizani ni bibi. Asubuhi nilimkuta akichambua dagaa, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Bibi hupenda kunitania, akaniuliza, "Mume wangu, huyu mtoto anajua nini?" Nikamwambia kwamba hajui kitu. Akatikisa kichwa. "Sikukuuliza asilolijua. Nimekuuliza anajua nini."

Ndipo aliponisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyojifunza kusoma akiwa mke kijana. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mikoa minne ya kanda ya ziwa ilikuwa na mpango wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO, na vitabu vyake vya kwanza vilihusu kazi za watu wenyewe, kama kilimo cha pamba na uvuvi. Bibi alikuwa mkulima wa pamba. Alisema hivi: "Mwalimu hakutuandikia kwanza. Alituuliza habari za pamba yetu. Tukasema, tukabishana habari za wadudu na za bei, mpaka jua likashuka. Ndipo akaandika ubaoni 'pamba'. Lile neno, mjukuu wangu, tulikuwa tumekwisha kulilima."

Maneno hayo niliyafikiri siku nzima. Jioni nilimfuata mdogo wangu ufukweni bila daftari wala kalamu. Nilimwomba anisimulie usiku ule aliochukuliwa na baba ziwani kwa mara ya kwanza, maana mimi nilikuwa shuleni sikuuona. Kwanza alijibu neno moja moja. Kisha akasahau kwamba mimi ni yule aliyemcheka. Akaeleza kwamba walingoja usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka taa haina nguvu. Akaeleza jinsi taa zilivyowekwa juu ya maji, jinsi walivyokaa kimya wakingoja, na jinsi dagaa walivyokusanyika chini ya mwanga. Akasema upepo ulianza kidogo, kisha taa moja ikazimika, kisha baba akasema kwa sauti ndogo, "Vuteni sasa." Hakuruka hata hatua moja. Nilijifunza mambo ya uvuvi ambayo mimi, mtoto wa mvuvi mwenye miaka 17, sikuyajua.

Ninyi mniambie: mtoto aliyepanga habari namna ile, kila jambo mahali pake, aweza kuitwa mzito? Kusimulia si porojo. Msimulizi hana budi kukumbuka, kuchagua lililo kubwa, kuliacha lililo dogo, kutanguliza la kwanza na kutafuta neno lifaalo. Kazi hizo ndizo zile zile anazotakiwa mtu aandikaye insha. Mtu asiyeweza kupanga habari mdomoni mwake hataipanga kwenye karatasi, hata apewe kalamu ya dhahabu. Na wazee wetu walilijua jambo hili. Walianza kwa "Paukwa!" nasi tukaitikia "Pakawa!", na mwisho wa hadithi mtoto mmoja aliambiwa aisimulie yeye kesho.

Tangu jioni ile tulifanya kazi kila siku, wala haikuzidi nusu saa. Naomba nieleze utaratibu wetu ili anayetaka aujaribu.

Kwa kusimulia, nilijifunza mambo manne. Kwanza, hadithi na iwe fupi, nayo isomwe mara moja tu kwa sauti ya kawaida. Ukimzoesha mtoto kwamba utarudia mara tatu, hataisikiliza ile ya kwanza. Tulianza kwa hadithi za Sungura zisizozidi nusu ukurasa.

Pili, msikilizaji anyamaze. Hili ndilo gumu kuliko yote, hasa kwetu tunaojiona wasomi. Mtoto akikosea neno, ulimi wetu huwasha. Lakini ukimkatiza, atakumbuka kwamba anachunguzwa, na habari itamtoka. Akikwama nilisema neno moja tu: "Kisha?" Akimaliza, ndipo nilipouliza au kusahihisha jambo moja, si kumi.

Tatu, lugha isimfunge. Siku za kwanza alisimulia nusu kwa Kijita na nusu kwa Kiswahili. Sikumkataza. Alipomaliza nilimwomba anisimulie tena yote kwa Kiswahili, na maneno aliyoyakosa tuliyatafuta pamoja. Mtoto anayetafuta neno kwa sababu analihitaji hulishika kuliko mtoto aliyepewa orodha.

Nne, asimulie kwa mtu asiyeijua habari. Niliona kwamba akinisimulia mimi niliyemsomea, alisimulia kwa uvivu, maana alijua kwamba najua. Lakini mama akirudi kutoka ufukweni, naye hakusikia, mtoto alisimulia kwa nguvu, akaongeza na sauti ya Fisi.

Baada ya siku tano hivi tulivuka kwenda kwenye maandishi. Aliposimulia, mimi niliandika sentensi tatu za maneno yake mwenyewe, kama alivyoyasema, kwa herufi kubwa zilizo wazi. Ya kwanza ilikuwa, "Taa moja ilizimika." Nikamwambia asome. Akasoma! Mtu ataniambia kwamba hakusoma bali alikumbuka. Ni kweli, siku ya kwanza alikumbuka. Lakini neno alilolikumbuka lilikuwa mbele ya macho yake, na kidole chake kilikuwa chini yake, na siku ya tatu alilitambua neno "taa" katika sentensi nyingine ambayo hakuwahi kuisema. Kukumbuka kulikuwa daraja, na daraja si dhambi.

Sasa nije kwenye imla. Siichukii imla, hasha. Kiswahili kina bahati kubwa kwamba huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa, na irabu zake ni tano tu. Kwa hiyo mtoto akisikia vizuri na kutamka vizuri, amekwisha kushinda nusu ya vita. Lakini watu wengi hufanya imla kama mtego wa panya: maneno yanafichwa, mtoto anashtukizwa, kisha yanahesabiwa makosa. Imla ya namna hiyo hupima tu, haifundishi. Ni sawa na kumpima mtoto uzito kila siku ukatumaini kwamba atanenepa kwa kupimwa.

Imla yetu ilikuwa hivi. Tulichukua sentensi zile alizozisimulia jana na kuzisoma leo. Kwanza alizitazama mwenyewe, akanionyesha maneno anayoyaogopa. Tuliyakata silabi kwa silabi, i-li-zi-mi-ka, akaangalia, akafumba macho, akayataja. Kisha nilifunika karatasi na kusoma fungu moja la maneno, mara moja, polepole. Yeye alilirudia kwa sauti kabla ya kuandika. Hatua hiyo ya kurudia msiiache, maana hapo ndipo utakaposikia kosa likiwa bado ulimini, kabla halijafika kwenye karatasi. Mwisho alifunua karatasi, akajisahihisha mwenyewe. Sikuandika sifuri tena. Tulihesabu maneno aliyoyapata. Siku ya kwanza sentensi ilikuwa ya maneno matatu, akayapata mawili. Mawili ni mengi kwa mtu aliyezoea duara nyekundu.

Juu ya l na r tulifanya mchezo. Nilitaja neno moja katika jozi kama kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Akisikia l alinyanyua mkono wa kushoto, akisikia r mkono wa kulia. Siku moja nilitaja "kalamu" naye akanyanyua wa kulia. Nikamwambia amekosea. Akaniambia, "Kaka, wewe ndiwe uliyesema karamu." Mama akathibitisha. Ulimi wangu ni wa kwetu vilevile. Tukacheka wote, na safari hii na yeye alicheka.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu mmoja habari hizi, naye alinifahamisha kwamba njia hii si ngeni duniani. Huko Uingereza alikuwapo mwalimu mwanamke, Charlotte Mason, aliyeishi kati ya mwaka 1842 na 1923. Mwaka 1886 alitoa kitabu juu ya kuwalea na kuwafundisha watoto nyumbani. Yeye naye alisisitiza kwamba mtoto asomewe mara moja kisha asimulie, na kwamba imla iandaliwe kwanza na mtoto mwenyewe, na neno likikosewa lifunikwe upesi ili jicho lisizoee sura ya kosa. Lakini hata pwani yetu ina ushahidi. Mwana Kupona wa Pate alipotunga utenzi wake, yapata mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, naye alimwita binti yake akae karibu na wino na karatasi ili amwambie yaliyokuwa moyoni. Tazameni: mama anasema, binti anaandika, nyumbani. Na neno "imla" lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nalo liko katika Kiswahili tangu zamani. Basi asitokee mtu kusema kwamba kufundishana nyumbani ni mtindo wa kigeni.

Wako watakaonipinga. Wa kwanza atasema, kufundisha ni kazi ya walimu. Nakubali. Tena serikali imeliona jambo hili, maana tangu mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili umetilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini hebu fikirini. Mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake atamsikiliza kila mmoja akisimulia saa ngapi? Kusimulia kwahitaji sikio moja kwa mdomo mmoja, na masikio ya kutosha yako nyumbani. Hatumnyang'anyi mwalimu kazi yake. Twamletea mtoto aliyekwisha kufunguka.

Wa pili atasema, wazazi wetu wengi hawakusoma, watafundishaje? Nami namjibu kwa mfano wa mama yangu. Mama hakusoma sana, lakini kusikiliza hakuhitaji cheti. Niliporudi shuleni Januari ni yeye aliyeendelea. Kila jioni akipika alimwambia mtoto amsimulie aliyoyasikia darasani, na alipoona habari haina kichwa wala miguu, alimwambia, "Rudia, sijaelewa." Mwalimu gani angeuliza vizuri kuliko hivyo?

Wa tatu atasema kwamba wako watoto wasioweza kabisa. Huyu nitamjibu kwa uangalifu. Ni kweli kwamba mtoto mwingine haoni vizuri ubaoni au hasikii vizuri, naye yampasa apelekwe hospitali kabla ya kulaumiwa. Tena wako watoto wenye akili timamu ambao herufi huwapa taabu kubwa kuliko wenzao, si kwa uvivu wala kwa kurogwa, nao wahitaji muda mrefu na mwalimu mwenye ujuzi. Kusimulia hakuponyi yote. Lakini hata mtoto wa namna hiyo akisimulia, sisi twapata kujua kwamba yumo mtu ndani, naye mwenyewe apata kujua hivyo. Hilo si jambo dogo.

Sasa nieleze mambo yalivyokwenda nyumbani. Mwanzoni mwa Januari matokeo ya upimaji wa Darasa la Nne yalitoka, na mdogo wangu hakufaulu. Alitakiwa kurudia darasa. Baba hakusema neno mchana kutwa, nasi tulijua anafikiri mtumbwi. Usiku baada ya chakula bibi alisema, "Kabla hujaamua, msikilize kwanza." Akamwagiza mtoto alete daftari. Alikuwa na sentensi kumi na nne za ule usiku wa ziwani. Akasoma kwa kukwamakwama, kidole chini ya kila neno, jasho likimtoka, na ilichukua muda mrefu. Alipofika kwenye upepo, baba alimkatiza. "Hapana," akasema, "ile taa haikuzimwa na upepo. Iliishiwa." Mdogo wangu akafikiri kidogo, akasema, "Basi nitaandika upya, baba."

Baba alimtazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwaka mmoja." Akatoka nje.

Wasomaji wapenzi, mwaka mmoja ule ndio huu tulio nao. Upimaji uko mbele, nami siwezi kujidai kwamba mdogo wangu amekuwa bingwa. Bado husoma polepole. Bado huandika "ng'ombe" bila kistari chake cha juu, na maneno mengine huyakata katikati. Likizo ya Juni tulifika sentensi sita za imla kwa siku, na siku nyingine tulirudi kwenye nne. Lakini mwezi uliopita nililetewa kifurushi cha dagaa kutoka nyumbani, na ndani yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na mistari saba, na hakuna aliyemsomea wala kumnakilisha. Alinisimulia kwamba mvua imeharibu dagaa wa siku mbili, na kwamba baba ametafuta mahali pengine pa kuanika. Neno "mahali" alilipigia mstari chini, mara mbili.

Nimalize kwa kutugeukia sisi wenyewe, maana nisingependa mdhani kwamba haya ni ya watoto tu. Nilipoliona daftari lile la mwandiko mzuri asioweza kuusoma, niliyakumbuka madaftari yetu. Sisi tunanakili kurasa na kurasa za nukuu kwa Kiingereza, twazikariri saa za kujisomea usiku, na mtu akituuliza, "Funga daftari, nieleze umesoma nini," wengi tunatazama ukuta. Mimi sasa nimeanza kujisimulia. Nikisoma fungu moja la Biolojia au Historia, nafunga kitabu na kumweleza jirani yangu wa kitandani kwa maneno yangu, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Nikikwama, najua kwamba sijaelewa, na ni afadhali nijue leo bwenini kuliko Novemba katika chumba cha mtihani. Jaribuni wawili wawili. Haina gharama.

Na likizo ikifika, tusiende nyumbani kuwa wageni wa kuandaliwa maji ya kuoga. Mtafuteni yule mtoto anayeitwa mzito. Msimpe kalamu siku ya kwanza, wala msimuulize asilolijua. Kaeni naye anapofanya kazi yake, muulizeni anajua nini, kisha mnyamaze mumsikilize.

Mwanafunzi, Kidato cha IV